Kuondoa Viza Si Kuruhusu Kila Shughuli

Tangu Kenya ilipowaondolea raia wa karibu nchi zote za Afrika, mwaka 2025, sharti la kuomba idhini ya kielektroniki kabla ya kusafiri, nimekuwa nikisikia kauli mbili zinazopingana zikitolewa kwa uhakika uleule. Wenye hoteli na waandaaji wa mikutano hapa Kisumu wanasema viza imekwisha, na kilichobaki ni kuandaa vyumba na kungoja wageni. Wengine, hasa wanaopiga simu kwenye vipindi vya redio vya asubuhi, wanasema nchi imeachwa wazi na kila anayetaka ataingia na kufanya apendalo. Naona pande zote mbili zimekosea, na zimekosea kwa sababu moja: zinadhani viza ni jambo la mpakani peke yake. Sheria za usafiri wa kimataifa hujibu maswali mawili. La kwanza ni nani aruhusiwe kuvuka mpaka. La pili ni afanye nini akishavuka, na kwa muda gani. Kenya imelegeza swali la kwanza, na imefanya vyema. Swali la pili limeachwa karibu lilivyokuwa, ilhali ndilo litakaloamua iwapo Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya zitanufaika na wageni hao, na ndilo linalowaangusha watu wetu kila mwaka wanapoomba viza za nchi za wengine.

Turudi nyuma kidogo. Oktoba 2023, akiwa Brazzaville, Rais William Ruto alitangaza kwamba Waafrika wataingia Kenya bila viza kufikia mwisho wa mwaka huo. Siku ya Jamhuri, Desemba 12, 2023, ahadi ikapanuliwa kuwa ya dunia nzima: kuanzia Januari 2024 hakuna mtu wa taifa lolote ambaye angehitaji viza kuja Kenya. Badala yake ikaletwa idhini ya kielektroniki ya kusafiri, ambayo watu wengi wameizoea kwa jina la eTA. Ada yake ilikuwa dola 30, wakati viza ya kawaida ya kuingia mara moja ilikuwa dola 50, na kwa Mmarekani au Mjerumani hiyo ilikuwa nafuu ya kweli. Hali ya Mmalawi na Mzambia ilikuwa tofauti kabisa. Hao walikuwa wakiingia Kenya kwa pasipoti tu, bila kuomba wala kulipa chochote. Sasa walitakiwa kujaza fomu, kupakia picha, kuonyesha mahali watakapolala na tiketi ya kurudi, kulipa, kisha kusubiri jibu kwa siku kadhaa kabla ya shirika la ndege kukubali kuwapandisha. Waliolalamika wakati ule kwamba Kenya ilijifunga huku ikisema inajifungua walikuwa na haki. Mapema 2024 serikali ilianza kuzisamehe baadhi ya nchi, zikiwemo Afrika Kusini na Ethiopia, na hatua hiyo ilikuwa kukiri kwamba walalamikaji walisema kweli.

Marekebisho ya 2025 ndiyo yaliyotimiza ahadi ya Brazzaville, angalau kwa bara letu. Baraza la Mawaziri liliidhinisha jambo hilo Januari, na kanuni zikafuata katikati ya mwaka. Raia wa nchi za Afrika, isipokuwa Libya na Somalia, huruhusiwa sasa kuingia bila idhini ya awali na kukaa hadi miezi miwili, huku raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakibaki na miezi yao sita. Kwetu sisi tunaoishi karibu na mpaka wa Uganda mambo hayakubadilika sana, kwa kuwa tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wamekuwa wakivuka kwa kitambulisho cha taifa, na anayepita Busia au Malaba kila wiki kwa biashara hakuwahi kuijua eTA. Kuna hitilafu moja ambayo haijajadiliwa inavyostahili. Somalia ilikamilisha taratibu za kujiunga na Jumuiya Machi 2024, nayo ni miongoni mwa nchi mbili tu za Afrika zilizoachwa nje ya msamaha. Sababu iliyotolewa ni usalama, na sidhani ni sababu ya kubuni. Hata hivyo, uanachama wa Jumuiya usioambatana na haki ya kutembeleana ni uanachama pungufu, na serikali ingefaa kutaja masharti yatakayoiwezesha Somalia kuhesabiwa kama wenzake.

Sasa niingie katika kiini cha hoja yangu. Mgeni anayegongewa muhuri katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta au mpakani Busia hupewa pasi ya mgeni. Pasi hiyo humruhusu kutalii, kutembelea jamaa, kuhudhuria mkutano, kufanya mazungumzo ya biashara. Haimruhusu kufanya kazi, iwe ya kulipwa au ya kujitolea. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 imeweka makundi ya vibali kwa herufi: D kwa walioajiriwa, G kwa wafanyabiashara, I kwa kazi za dini na hisani, na tangu 2024 kuna N kwa wale wanaowafanyia kazi waajiri wa nje kupitia mtandao wakiwa wanaishi Kenya. Kwa kazi ya muda mfupi kuna pasi maalum. Anayepatikana akifanya kazi bila mojawapo ya hati hizi anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miaka mitatu, au yote mawili, na anayemwajiri naye ana hatia. Hakuna hata sentensi moja ya haya iliyofutwa na msamaha wa 2025.

Athari ya jambo hili huonekana Magharibi kuliko sehemu nyingi za nchi, kwa sababu wageni wanaokuja huku si wa mbugani na ufuoni peke yao. Wengi huja kwa shughuli. Kisian, nje kidogo ya Kisumu, kuna kituo cha taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikishirikiana na wanasayansi wa nje katika masuala ya malaria na virusi vya ukimwi. Vyuo vikuu vya Maseno, Masinde Muliro na Egerton hupokea wahadhiri na wanafunzi wa kigeni. Kuanzia Vihiga hadi Bungoma kuna hospitali za misheni, makao ya watoto na makanisa yanayopokea makundi ya vijana kutoka Ulaya, Marekani na siku hizi Afrika Kusini na Nigeria, wanaokuja kufundisha, kuchimba visima, kupima watoto macho. Wengi wao huingia kama watalii. Hawafanyi hivyo kwa hila. Wenyeji wao ndio waliowaambia kwamba mtu asiyelipwa mshahara hahitaji kibali, na wenyeji hao husema hivyo kwa kuwa hawajawahi kuambiwa vingine na mtu yeyote mwenye mamlaka. Mtafiti naye hudhani barua ya chuo inatosha, kumbe anahitaji leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na hati ya uhamiaji inayolingana na muda wake. Makundi ya aina hii hufanya kazi njema kwa miaka, hadi siku atakapokuja afisa mwenye msimamo, au hadi mtu aliyekosana na mwenye makao atakapokwenda kuripoti. Hapo mgeni hufukuzwa, mradi husimama, na watoto waliokuwa wakifundishwa hubaki bila mwalimu katikati ya muhula. Kuingia bila viza kunaongeza hatari hii, kwa sababu fomu ya eTA ilimlazimisha mgeni aandike anakuja kufanya nini, na angalau wengine walishtuka wakauliza. Mgeni wa kutoka Lusaka au Accra hana fomu ya kumshtua tena.

Hali ya Waganda wanaofanya kazi upande huu inafanana na hiyo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inatambua haki ya mfanyakazi kuhama ndani ya Jumuiya, na watu wengi hapa Busia na Kisumu wamehitimisha kwamba mwalimu au fundi wa kutoka Mbale hahitaji karatasi yoyote. Anahitaji. Anaweza kusamehewa ada, lakini kibali chenyewe kinabaki kuwa lazima, na asiye nacho hana pa kusimama mwajiri anapomnyima mshahara wake.

Zipo hoja nzito za wanaopinga kufungua mipaka, na sitaki kuzipuuza. Ya usalama ndiyo yenye nguvu zaidi. Nchi iliyoshambuliwa Westgate mwaka 2013, Garissa mwaka 2015 na Dusit mwaka 2019 haiwezi kulaumiwa kwa kutaka kujua jina la mtu kabla hajapanda ndege. Jibu langu ni kwamba taarifa hizo zinaweza kupatikana bila kumtoza msafiri wala kumsubirisha, kwa kuwa mashirika ya ndege yana uwezo wa kutuma orodha ya abiria kwa maafisa wa uhamiaji kabla ya ndege kutua. Swali halisi la usalama ni kama kuna anayesoma orodha hizo kwa wakati. Halafu kuna hoja ya mapato. Dola 30 za kila mgeni si fedha kidogo serikali inapotafuta pesa kila kona. Lakini mgeni mmoja anayelala Kisumu siku nne, akala samaki Dunga, akapanda teksi hadi Kit Mikayi na kulipa mwongozaji katika msitu wa Kakamega, huacha zaidi ya kiasi hicho, tena huacha mikononi mwa watu ambao Hazina Kuu haiwafikii kwa njia nyingine. Mkutano wa miji ya Afrika, Africities, wa Mei 2022 ulituonyesha hapa kwetu kwamba wajumbe wa bara zima wanaweza kufika katika mji wa ziwani usio makao makuu ya nchi.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayoshangiliwa zaidi, ni ya kulipiza: kwa nini tuwafungulie wanaotufungia? Naielewa hasira iliyo nyuma yake. Julai 2022 Ferdinand Omanyala, mkimbiaji wetu wa mita 100, alicheleweshewa viza ya Marekani hivi kwamba alifika Eugene, Oregon, saa chache tu kabla ya mchujo wa mashindano ya dunia. Ikiwa bingwa wa taifa anatendewa hivyo, mkulima wa Lugari anayetaka kuhudhuria mahafali ya bintiye atarajie nini? Mwombaji wa viza ya Schengen, inayomruhusu mtu kuingia nchi nyingi za Ulaya, hulipa euro 90 tangu Juni 2024, na mwombaji wa viza ya kutembelea Marekani dola 185. Akikataliwa, fedha hizo hazirudi. Yote hayo ni kweli na yanaumiza. Lakini msamaha wa 2025 umewalenga Waafrika na mataifa ya Karibi. Mmarekani na Mjerumani bado wanaomba eTA. Kwa hiyo anayedai kisasi anataka tumwadhibu Mmalawi kwa kosa la ubalozi wa Ulaya. Atasema kuna nchi za Afrika ambazo bado zinamdai Mkenya viza, kama Algeria na Misri. Ni kweli, na njia ya kulitatua hilo ni mazungumzo kama yale ya Nairobi ya Novemba 2022, yaliyowawezesha Wakenya kuingia Afrika Kusini bila viza kuanzia Januari 1, 2023, baada ya miaka mingi ya Waafrika Kusini kuingia huku kwa urahisi. Pia kuna itifaki ya Umoja wa Afrika ya watu kusafiri kwa uhuru, iliyopitishwa Addis Ababa Januari 2018, ambayo inahitaji nchi 15 kuiridhia na kwa miaka imekwama kwenye nchi nne: Mali, Niger, Rwanda na São Tomé na Príncipe. Kenya ingekuwa na sauti kubwa zaidi mbele ya Algiers na Cairo kama ingekuwa ya tano.

Kutochukua kisasi hakumaanishi kwamba hatuna la kujifunza kwa mabalozi wanaotukatalia. Tunalo, na linarudi kwenye lile swali la pili. Watu wetu wengi wameaminishwa kwamba viza hununuliwa kwa salio la benki. Mtu hukopa kwa jamaa, hukopa kwa chama, akaunti iliyokuwa na shilingi elfu nane inanona ghafla ikawa na laki saba, kisha taarifa ya benki inachapishwa na kupelekwa Nairobi. Afisa anayesoma taarifa hiyo haangalii jumla ya mwisho peke yake. Anaangalia fedha zimetoka wapi, zimekaa muda gani, na zinalingana vipi na mshahara uliotajwa kwenye fomu. Kwa wanafunzi, Uingereza imeandika wazi kwamba kiasi kinachotakiwa kiwe kimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Kwa Marekani, kifungu cha 214(b) cha sheria yao kinamwelekeza afisa kumchukulia karibu kila mwombaji wa viza ya muda kuwa anakusudia kuhamia huko mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Hilo ni sharti gumu na, kwa maoni yangu, si la haki kwa maskini mwaminifu. Lakini ndilo sharti lililopo, na halitimizwi kwa fedha za kuazima. Hutimizwa kwa maisha yanayoeleweka: kazi, shamba, familia, masomo yanayoendelea, na safari ambayo sababu yake inaendana navyo.

Aina ya viza ndipo mahali ambapo sababu hiyo huandikwa. Mwanariadha kutoka Mlima Elgon anayekwenda Marekani kukimbilia zawadi tu anaweza kuingia kwa viza ya B-1, ya ziara fupi za kibiashara. Akilipwa mshahara au ada na mwenyeji wake, anahitaji aina nyingine. Mwanafunzi huhitaji F-1. Ulaya ya Schengen, yenye nchi 29 sasa, hutoa viza ya aina C kwa matembezi yasiyozidi siku 90 katika kila siku 180, na ya aina D, ambayo hutolewa na nchi moja moja, kwa anayekwenda kusoma au kufanya kazi kwa muda mrefu. Aliyeomba C akiwa na nia ya kutafuta ajira amejipinga mwenyewe kabla afisa hajafungua jalada lake. Na tangu Oktoba 12, 2025, mfumo mpya wa mipakani ulipoanza kutumika kwa awamu, Ulaya inahifadhi alama za vidole na picha ya uso ya mgeni wa muda mfupi pamoja na tarehe zake za kuingia na kutoka, hivyo siku zilizopitilizwa zinahesabiwa na mashine, si na afisa anayepekua mihuri iliyofifia.

Maajenti wanajua watu wetu hawatofautishi aina hizi, na hapo ndipo wanapotajirika. Uingereza ilisitisha kuajiri walezi wa wazee kutoka nje Julai 22, 2025, na bado yeyote anayekuuzia leo nafasi ya ulezi kutoka Nairobi hadi Manchester atakuambia mambo yako tayari. Mwaka 2023 tulishuhudia wazazi wa Uasin Gishu wakiandamana kwa sababu ya fedha walizolipa kupitia kaunti ili watoto wao wasome Finland na Kanada. Suala lile liliishia mahakamani Nakuru. Mzazi aliyeuza ng'ombe ana haki ya kuelezwa na mtumishi wa umma, katika lugha anayoielewa, viza ya masomo inadai nini, nani hulipwa karo na lini, kabla hajatoa hata shilingi. Mamlaka ya taifa ya ajira ina orodha ya mawakala walioidhinishwa. Orodha hiyo ingefaa kubandikwa katika kila ofisi ya chifu kuanzia Molo hadi Mumias, kwa sababu wanaotapeliwa zaidi ndio wasiojua kwamba ipo.

Kwa upande wa wageni wetu, haitoshi kusema karibuni. Ofisi ya uhamiaji ya Kisumu ipewe uwezo wa kuamua maombi ya pasi maalum yanayotoka kaunti za Magharibi, na iwekewe muda wa kutoa jibu kwa maandishi pamoja na sababu, ili hospitali ya misheni ya Vihiga isilazimike kumtuma mtu Nairobi kwa ajili ya daktari wa majuma matatu. Kaunti zinazojinadi kwa watalii ziwaeleze wenyeji wa wageni ni shughuli zipi pasi ya mgeni inaruhusu na zipi hairuhusu. Na Wizara inayosimamia uhamiaji iandike katika kanuni kile ambacho Uingereza imekiandika katika zake: kwamba mgeni wa kawaida anaweza kujitolea katika shirika la hisani lililosajiliwa kwa muda usiozidi siku 30. Uingereza, ambayo hakuna anayeituhumu kwa ulegevu wa mipaka, imeona mwezi mmoja wa kazi isiyolipwa hauhatarishi ajira za watu wake. Kwa makao ya watoto ya Magharibi, kifungu kimoja cha aina hiyo kingeondoa hofu ambayo kuondolewa kwa eTA hakukuigusa hata kidogo.